Visanamu vya vita vya mezani: kwa nini watu wazima wanavinunua, kuvikata na kuvipaka rangi

Huenda umewahi kukutana nayo kwenye simu yako: video fupi ya mkono ulioshika kisanamu kisichozidi kidole gumba, na mkono mwingine ukikipaka rangi kwa brashi yenye ncha kama sindano. Kisanamu chenyewe ni askari aliyevaa dirii nene na kubeba bunduki ya ajabu, au dubwana lenye meno na makucha. Anayepaka ni mtu mzima, tena mwenye ndevu zake, na ametulia kama fundi saa.

Wasikilizaji wetu wametuuliza maswali mawili kuhusu video hizi. La kwanza, hivi ni vichezeo vya watoto au ni kitu gani? La pili, kwa nini mtu anunue kitu kipya dukani, tena kwa bei kubwa, kisha akikate kwa kisu na kukiunga upya?

Jibu fupi ni kwamba kitu kinachouzwa hapo hakijakamilika. Kiwanda kinafanya nusu ya kazi na mnunuzi anamalizia nusu iliyobaki. Katika nusu hiyo ya pili ndipo penye raha yote ya burudani hii, na ndipo pia ulipozuka ugomvi uliofika mahakamani. Katika makala haya tunaeleza mambo yote mawili.

Ni mchezo gani huu?

Ni mchezo wa vita unaochezwa juu ya meza. Kwa kawaida wachezaji huwa wawili, na kila mmoja huja na jeshi lake la visanamu. Meza hupangwa vilima, miti na magofu ya kuigiza. Mchezaji akitaka kusogeza kikosi chake, anapima umbali kwa tepu kama ile ya fundi seremala. Akitaka kufyatua risasi, anarusha dadu, na kitabu cha kanuni ndicho kinachosema risasi imepata au imekosa.

Wazo hili si geni. Mwaka 1824 jeshi la Prussia, dola ambayo baadaye ilikuwa sehemu ya Ujerumani, lilianza kutumia mchezo wa ramani na vipande vidogo kuwafundisha maofisa wake mbinu za vita. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells, anayefahamika zaidi kwa hadithi zake za kubuni za kisayansi, alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni nyumbani.

Mchezo unaoonekana zaidi kwenye video za leo unaitwa Warhammer 40,000. Unatoka kwa kampuni ya Uingereza, Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975 na marafiki watatu: John Peake, Ian Livingstone na Steve Jackson. Rick Priestley ndiye aliyeandika toleo la kwanza la Warhammer 40,000, lililotoka mwaka 1987. Hadithi yake inatupeleka maelfu ya miaka mbele, wakati binadamu wametawanyika kwenye nyota na vita havina mwisho. Humo mna askari wa anga waitwao Space Marine, viumbe wa kijani wapenda fujo waitwao Ork, na madubwana yaitwayo Tyranid ambayo hula kila kilicho hai.

Leo makao makuu ya kampuni hiyo yako katika mji wa Nottingham. Desemba 2024 iliingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa zaidi kwenye soko la hisa la London. Kwa hiyo, ingawa bidhaa yenyewe inaenea kiganjani, fedha zinazozunguka hapa si ndogo.

Unanunua kitu ambacho hakijaisha

Ukifungua boksi la visanamu hivi, hukuti askari. Unakuta fremu za plastiki ya kijivu zilizobeba viungo mbalimbali: miguu huku, vifua kule, vichwa, mikono, silaha. Hakuna gundi ndani, wala rangi. Kila kiungo lazima kikatwe kutoka kwenye fremu, kisafishwe, kiungwe na mwenzake, kisha kipakwe rangi. Mtu wa kawaida kwenye jeshi hili ana urefu wa takriban milimita 28 hadi 32, na wale wa kundi la Space Marine huzidi hapo.

Kwa sababu hiyo, wanunuzi wengi hutumia saa nyingi zaidi kwenye meza ya kazi kuliko kwenye meza ya mchezo. Wapo ambao hawachezi kabisa, wanapaka tu. Mchezo wenyewe unaitambua kazi hiyo: tangu toleo la mwaka 2020, kwenye mapambano yenye alama 100, alama 10 hupewa mchezaji ambaye jeshi lake limepakwa rangi. Tangu mwaka 1987 pia kuna mashindano ya upakaji yaitwayo Golden Demon, ambayo mshindi wake mkuu hukabidhiwa upanga wa kweli.

Kugeuza kulianzaje?

Kugeuza ni kuchukua kisanamu kilichokusudiwa kuwa kitu kimoja na kukifanya kuwa kingine. Kichwa cha huyu kinahamia kwa yule, mkono ulionyooka unakatwa na kukunjwa kwenye kiwiko, gari la adui linapachikwa mabati na kuwa la kwako. Aliyewahi kutengeneza gari la kuchezea kwa waya na makopo atalielewa jambo hili upesi.

Chanzo chake kilikuwa uhaba. Mwaka 1987 mchezo ulitoka ukiwa na hadithi pana na visanamu vichache. Boksi maarufu la miaka hiyo lilikuwa na Space Marine 30 wa plastiki, na wengi wao walifanana. Ukimtaka kamanda anayetofautiana na wengine, ulilazimika kumtengeneza. Magari nayo yalikuwa machache, hivyo kampuni yenyewe, kupitia jarida lake la White Dwarf, iliwaonyesha wasomaji namna ya kuyaunda nyumbani. Mfano unaokumbukwa mpaka leo ni gari la vita linaloelea hewani, ambalo bodi yake ilikuwa kichupa cha diodoranti.

Hadithi ya mchezo pia iliwapa watu ruhusa. Ork, kwa mujibu wa hadithi, ni waporaji. Hukusanya vyuma vya adui, wakavigongelea pamoja na kuingia navyo vitani. Huamini hata kwamba gari lililopakwa rangi nyekundu hukimbia zaidi. Kwa hiyo mchezaji wa Ork akibandika kipande cha bati, bomba la kalamu na gurudumu la kichezeo kilichovunjika, hakuna wa kumwambia amekosea, maana ndivyo Ork wenyewe wangefanya.

Mtu mwingine aliyechangia sana ni mchoraji John Blanche, aliyeongoza sanaa ya kampuni hiyo kwa miaka mingi. Visanamu vyake vya kugeuza, vyenye rangi za kutu na udongo na maungo ya ajabu, viliwafundisha watu kwamba kisanamu kinaweza kubeba mkono wa aliyekitengeneza, kama picha ya mchoraji.

Kukata, kuunga na kujaza

Vifaa vya msingi si vingi: koleo ndogo ya kukatia, kisu chembamba chenye makali, tupa laini au msasa, drili ndogo ya kuzungusha kwa vidole, waya mwembamba na gundi.

Gundi ziko za aina mbili, na mwanafunzi wa burudani hii lazima azitofautishe. Gundi ya plastiki haibandiki kwa kunata. Inayeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki, zinachanganyika, na dawa yake ikishakauka vipande viwili vinakuwa kimoja. Ndiyo maana haifai kwa chuma, kwa sababu chuma hakiyeyuki. Kwa chuma na kwa utomvu mgumu wa kiwandani uitwao rezini hutumika supaglu, ambayo hukazwa na unyevu uliomo hewani. Supaglu hushika haraka, lakini kiungo chake huvunjika kirahisi kikipigwa. Dawa yake ni kutoboa tundu dogo pande zote mbili, kupitisha kipande cha waya katikati, kisha kugandisha. Waya hapo unafanya kazi ya nondo ndani ya zege.

Baada ya kuunga, hubaki pengo. Hapo huingia udongo wa epoksi unaouzwa kama utepe wenye rangi mbili, bluu na njano. Zikikaa mbalimbali hubaki laini. Ukizifinyanga pamoja mpaka zitoe kijani kimoja kisicho na michirizi, zinaanza kukauka polepole, na kufikia kesho yake zimekuwa ngumu. Ndani ya muda huo fundi huziba mapengo, huchonga mikunjo ya nguo, nywele, manyoya au kamba. Siri ndogo ni kulowesha vidole na kifaa kwa maji ili udongo usinate.

Mafundi wazoefu wana desturi moja inayofaa kuigwa katika kazi yoyote: kabla ya kutia gundi, wanashikiza vipande kwa muda, wanakiweka kisanamu mbali kidogo na kukitazama. Je, anasimama kama mtu mwenye uzito? Macho yake yanaelekea silaha inakoelekea? Mkono uliogandishwa vibaya kuuondoa ni kazi kubwa kuliko kuugandisha.

Rangi: kivuli kinapakwa kwa mkono

Kwanza kisanamu hupakwa praima, kama ukuta au mlango, ili rangi ishike. Kisha hufuata rangi za akriliki zinazochanganywa na maji. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kupaka rangi nzito mara moja, ikafunika macho, vifungo na mishono yote. Duncan Rhodes, mtangazaji wa video za mafunzo aliyefahamika akiwa Games Workshop, alijulikana duniani kwa kurudia ushauri mmoja tu: tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nzito.

Baada ya rangi ya msingi huja hatua inayowashangaza wengi. Mpakaji anaongeza kivuli na mwanga kwa brashi. Kwa nini, wakati taa ipo? Sababu ni udogo. Mtu halisi akisimama juani, mikunjo ya shati lake ina kina cha kutosha kuweka giza. Kwenye kisanamu cha milimita 30 mkunjo huo ni mchirizi mwembamba mno, na mwanga wa chumbani unaufuta. Kikipakwa rangi moja tupu, kwa mbali kinaonekana kama donge. Ndiyo maana kivuli na mwanga huletwa na mpakaji mwenyewe.

Njia zake ni tatu kuu. Kwanza, rangi ya majimaji yenye giza humiminwa juu, nayo hutiririka yenyewe na kutulia mabondeni. Pili, brashi huchovywa kwenye rangi nyepesi, ikafutwa kwenye kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, kisha ikapitishwa haraka juu ya kisanamu, ikagusa yale yaliyoinuka tu: manyoya, minyororo, mawe. Tatu, kwa brashi ya ncha, mpakaji huchora mstari mwembamba wa rangi angavu kwenye kingo. Mwaka 2019 Games Workshop ilitoa rangi iitwayo Contrast, ambayo kwa tabaka moja huacha giza mabondeni na mwanga juu. Wapo walioifurahia kwa kuokoa muda, na wapo wanaoendelea na njia ya zamani.

Hatari ambazo video hazizitaji

Kwa kuwa watoto nao hutazama video hizi, kuna mambo ya usalama ambayo hatuwezi kuyaruka.

Visanamu vya zamani vya chuma, hasa vya kabla ya miaka ya 1990 kwisha, vingi vina risasi, ile metali yenye sumu. Vumbi lake likiingia mwilini hudhuru, na mtoto hudhurika zaidi kwa sababu huathiri ubongo unaokua. Kisanamu cha namna hiyo kisipewe mtoto, kisipigwe tupa ndani ya nyumba, na aliyekishika anawe mikono kabla ya kula. Vumbi la rezini pia halifai kuvutwa, hivyo husuguliwa kikiwa kimelowa na mtu akiwa amevaa barakoa. Gundi ya plastiki na rangi ya kupuliza vina mvuke mkali, kwa hiyo dirisha liwe wazi au kazi ifanyike nje. Na kisu kikatie upande usio na vidole.

Baada ya kukigeuza, ni cha nani?

Sasa turudi kwenye ugomvi. Katika nchi nyingi, sheria ya hakimiliki iko wazi kuhusu jambo la kwanza: kisanamu ulichonunua ni mali yako. Unaweza kukikata, kukipaka rangi ya waridi au kukiuza tena. Usichoruhusiwa ni kukitolea kalibu na kumimina nakala zake, maana umbo lenyewe limebaki kuwa la mbunifu.

Katikati ya pande hizo mbili kuna eneo lenye ukungu. Je, mtu mwingine anaweza kutengeneza na kuuza vipande vya kugeuzia kisanamu cha kampuni? Desemba 2010 Games Workshop ilifungua kesi nchini Marekani dhidi ya kampuni ndogo iliyoitwa Chapterhouse Studios. Biashara yake kubwa ilikuwa hiyo: vifuniko vya mabega vya Space Marine, vichwa, na vipande vya kugeuzia dubwana moja la Tyranid kuwa jingine ambalo lilikuwa tayari kwenye kitabu cha kanuni lakini halijaanza kuuzwa dukani.

Kesi ilisikilizwa Chicago mwaka 2013, na uamuzi ukagawanyika. Games Workshop ilishinda baadhi ya madai na kushindwa mengine, ikapewa fidia ya dola 25,000. Mwaka uliofuata pande mbili zilimaliza shauri kwa makubaliano.

Athari iliyowafikia wachezaji ilikuja kwa njia nyingine. Katika miaka iliyofuata, vitabu vipya vya kanuni vilianza kuacha nje vikosi ambavyo kampuni haikuwa na kisanamu chake sokoni. Mashabiki wengi wanaunganisha mabadiliko hayo na kesi ile. Mfano unaotajwa sana ni kamanda wa Space Marine aliyepanda pikipiki. Watu walimtengeneza wenyewe kwa miaka mingi, wakitumia vipande vya maboksi mawili au matatu, kisha akaondolewa kwenye kanuni kuu za mashindano. Kisanamu kilichomgharimu mtu majuma ya kazi kikabaki pambo la kabati.

Lawama haziko upande mmoja. Kampuni inayoajiri wabunifu ina haki ya kulinda kazi yao isiibwe, na bila hiyo hakuna atakayelipia umbo jipya. Lakini burudani hii ilikua kwa sababu kampuni hiyo hiyo iliwaambia wateja wake wachukue kisu na kichupa cha diodoranti wakaunde cha kwao. Mtu aliyefundishwa hivyo huona uchungu anapoambiwa baadaye kwamba kinachokubalika ni kile tu kilicho kwenye picha ya boksi.

Mashine za kuchapa maumbo zimeufanya mjadala kuwa mkali zaidi. Siku hizi mtu anaweza kununua faili la umbo kutoka kwa mbunifu huru na kulichapa nyumbani kwa rezini ya maji inayogandishwa kwa mwanga. Faili likiwa la halali, sheria haina neno. Likiwa nakala ya kisanamu cha kampuni, ni wizi ule ule wa kalibu. Katika maduka na mashindano yake, Games Workshop hutaka visanamu vyake yenyewe. Vilabu huru hujipangia kanuni zao, na vingi havisumbuki.

Kwa anayetaka kujaribu

Si lazima kuanza na boksi la bei kubwa. Ufundi wenyewe unaweza kujifunzwa kwenye kichezeo chochote cha plastiki kilichovunjika. Kisafishe kwa maji na sabuni ili mafuta yatoke, kipake praima, kisha rangi mbili tatu zilizozimuliwa kwa maji. Subiri tabaka la kwanza likauke kabisa kabla ya la pili. Brashi usiizamishe mpaka kwenye kishikio cha bati, maana rangi ikikauka humo ncha inapanuka na haitarudi. Ukimaliza, paka vanishi ili vidole visiiondoe rangi.

Kisha chukua kichezeo cha pili na ukate kitu kimoja tu, kichwa au mkono, ukipeleke kwa mwenzake. Pengo utakaloliona kwenye shingo ndilo somo lako la kwanza la kujaza.

Kama una swali kuhusu mada hii, au una kitu ulichokiunda kwa mikono yako, tuandikie kwa namba ile ile ya kipindi. Tutayasoma hewani.